Risasi ya Ombasha

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji nilikuwa naamini, bila chembe ya shaka, kwamba jumbe wetu Ombasha alikuwa na risasi hai ndani ya mwili wake. Sisemi risasi iliyokwama. Hizo zipo, na wenye nazo hulalamika kila masika. Nasema risasi hai, yenye akili zake, inayotembea. Ilimwingia begani huko bara alipokuwa askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, kwenye mipaka ya nchi, ikapaona pazuri, ikahamia. Mvua ikinyesha ilishuka hadi gotini kutafuta joto. Ijumaa ilipumzika. Ilipenda wali wa nazi, na siku Ombasha alipokula muhogo mkavu ilimkasirikia, ikamzungukazunguka mgongoni mpaka akaomba radhi. Na kubwa kuliko yote, mtu akimwambia Ombasha uongo, risasi ilimfinya. Hapo Ombasha aliweka mkono begani, akafumba macho, akasema, "Hii haikubali. Anza tena." Basi msemaji akaianza habari yake upya, safari hii ikiwa fupi na ya kweli. Kwa njia hiyo niliwaona wezi wa nazi, wagomvi wa mipaka ya majaruba na waume waliochelewa kurudi nyumbani wakiungama kama watu wanaokata roho. Na mjue sikuwa mtoto wa kudanganywa na bibi jikoni. Nilikuwa mwanamume mwenye ndevu, nina mke, nina jaruba langu la mpunga, na nilikuwa na nguvu za kubeba boriti ya mkoko ambayo watu wanne waliikimbia. Mke wangu, Mungu amrehemu, angesema watu wawili. Lakini hayupo kunisahihisha.

Haya yote yamenijia kwa sababu ya msiba. Shemeji yangu Mshamu, kaka wa marehemu mke wangu na rafiki yangu tangu ujana, alifariki huko kwetu visiwani, upande wa Mbwera, nami nikatoka hapa Kibiti kwenda kwenye hitima yake. Hapa Kibiti ndipo ninapokaa na wajukuu, kando ya barabara kuu, na hapa ndipo nilipoisoma shule ya usiku uzeeni mpaka nikapewa cheti, mwanafunzi mkongwe kuliko ubao wenyewe. Mwalimu wetu, kijana mpole, alitufundisha kwamba mtu akiandika maisha yake aanze na ukoo. Ukoo wangu nauruka. Baba na mama nilikuwa nao, kama watu wote, na hawakufanya jambo lolote la ajabu ila kunizaa. Mwaka mmoja tu ndio ulionifanya niwe mtu huyu aliyefika uzeeni, na mwaka huo ulikuwa na mtu mmoja katikati yake, na mtu huyo alikuwa na bega.

Ombasha kilikuwa cheo chake cha uaskari, na jina lake la kuzaliwa wengi wetu tulikuwa hatulijui. Alikuwa mtu wa hapohapo kwetu. Ujanani alikata boriti kama sisi, kisha akaenda kujiandikisha kwa Wadachi, akapotea miaka mingi, akapigana huko ambako nchi ilikuwa bado haijajulikana ni ya nani. Aliporudi, amekonda, na koti la khaki lenye vifungo vya shaba, wazee wakamwomba awe jumbe kwa sababu alikijua Kidachi cha amri na alijua Mdachi anapenda mtu asimame vipi mbele yake. Dungu lake ndilo ninalolikumbuka kuliko nyumba zote nilizoingia maishani. Kwetu nyumba za shambani huitwa madungu, zimenyanyuliwa juu ya nguzo za mkoko ili mto ukifurika maji yapite chini na wewe uendelee na chakula chako juu. La Ombasha lilikuwa refu hivi kwamba ukianza kupanda ngazi yake u kijana, unafika juu una mvi. Ndani mlikuwa na chumba kimoja kipana chenye harufu ya moshi, samli na mpunga mpya. Kitanda cha kamba, sanduku la bati, koti limetundikwa kwenye ukingo wa paa kama mtu wa pili wa nyumba. Pembeni, juu ya udongo uliokandamizwa, kulikuwa na mafiga matatu, na mbele ya mafiga alikuwapo Bi Nafasi, mke mdogo wa Ombasha, rika letu, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili zake. Na pilipili zake zilikuwa za kumfufua maiti.

Sisi vijana tulikaa chini. Kivuli cha dungu kilikuwa baraza yetu: tulishona nyavu, tuliranda makasia, tulilala usingizi wa mchana. Sakafu ya juu ilikuwa ya fito zilizofungwa kwa kamba, si mbao, kwa hiyo kila lililosemwa juu lilitudondokea pamoja na punje za wali na maganda ya kamba wa baharini. Sijui kama wazee walijua kwamba tunasikia. Nadhani Ombasha alijua, kwa sababu mara nyingine, mazungumzo yakifika mahali pazuri, alimwaga kidogo maji ya kunawa kupitia kwenye nyufa, tukakurupuka kama bata.

Ni lazima niseme habari ya pamba, maana vita vile vilitoka kwenye pamba. Amri ilikuja kwamba kila jumbe awe na shamba la pamba la watu wote. Ombasha alipiga saluti, akaitika, akachagua mahali pa kulima. Sisi tukashangaa, kwani palikuwa pale pale ambapo maji ya bamvua hupanda kutoka baharini. Pamba ikachipua, ikafika magotini, mwezi ukawa mpevu, bahari ikaja kuitembelea, na baada ya siku chache shamba lote likawa la rangi ya ngozi ya mbuzi iliyokaushwa. Mdachi akaja kwa hasira, na kofia yake, na askari wake. Ombasha hakujitetea. Alipiga magoti, akachota tope, akalionja kwa ncha ya ulimi mbele yake, kisha akamwinulia kiganja: "Onja, Bwana Mkubwa." Na yule Mdachi, kwa mshangao nadhani, akaonja. Alitema mate mpaka akafika kwenye mtumbwi wake. Hatukulazimishwa tena pamba katika kisiwa chetu. Lakini hawakutuacha hivihivi. Vijana wetu wakachukuliwa kwenda kulima pamba ya watu wengine upande wa Mohoro, na huko ndiko Mshamu alikotandikwa kiboko kwa sababu aliinua mgongo kujinyoosha. Alirudi hawezi kulala chali. Dada yake, ndiye mke wangu, alimkanda kwa mafuta ya nazi, na Mshamu akawa anazungumza na ukuta.

"Ombasha wako amejiokolea shamba lake," aliniambia. "Mgongo wangu nani aliuonja?"

Nilikuwa nimeuona ule mgongo.

Kwa hiyo habari ya dawa ilipokuja tulikuwa tayari kama nyasi za kiangazi. Ilisemekana kwamba huko juu, kuelekea milimani kwa Wamatumbi, yuko mganga mwenye maji. Ukinyunyiziwa, bunduki ya Mdachi ikilia, risasi inageuka maji na kukutelemka mwilini kama umande kwenye jani la mgomba. Mie na Mshamu tukaapiana. Mavuno ya mpunga yalikuwa yamekwisha, maghala yamejaa, na mtu mwenye ghala lililojaa na mke mpya anajiona hawezi kufa. Mke wangu alinitazama nikinoa mkuki, akaniuliza, "Unakwenda kumchoma nani?" Nikamwambia, Mdachi. Akasema, "Yule mwenye kofia? Si alikwisha kukimbia tope?" Kisha akageuka asinionyeshe uso.

Siku moja wazee walikutana juu kwa Ombasha, sisi tuko chini tumelala kimya kama samaki waliotandazwa juani. Wali ulikuwa wa nazi na kamba, harufu ilituua. Tukamsikia Mzee Ngwele, fundi wetu wa mitumbwi, akisema kwa sauti yake ya kukwaruza:

"Mtu wa Dawa anakuja. Ameshapita Mbuchi. Tukimkataa tutaitwa wake za Wadachi."

"Tukimpokea, wanachoma maghala," akasema Ombasha. "Nawajua. Niliwahi kuchoma. Hawaanzi na watu, wanaanza na chakula. Watu wanakufa baadaye, wenyewe, bila kupoteza risasi."

Punje moja ya wali ilinidondokea puani.

"Basi waambie vijana," akasema Mzee Ngwele. "Waambie risasi haigeuki maji. Wewe umepiga bunduki, unajua."

"Nikiwaambia mie nani atasadiki? Nimekula mshahara wa Mdachi. Mgongo wa Mshamu unazungumza kwa sauti kuliko mdomo wangu, na unasema kweli."

"Sasa?"

"Sasa kuleni," akaingilia Bi Nafasi. "Wali unapoa, na hao wa chini wamemeza mate mpaka wameshiba."

Wazee wakacheka. Mshamu hakucheka. Alikuwa akitazama juu kwenye zile nyufa, na nilimwona anawaza.

Mtu wa Dawa alifika alasiri, maji yakipwa, kwa mtumbwi mdogo wenye mpiga kasia mmoja. Nilitegemea jitu lenye macho mekundu. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, mpole, amevaa shuka moja, na kibuyu kimefungwa kifuani kama mama afungavyo mtoto. Alipogeuka kufunga mtumbwi tuliuona mgongo wake, na mgongo wa Mshamu ukawa si kitu. Watu wote wa kisiwa walikuwa wamekusanyika chini ya dungu. Nasema elfu tatu, ingawa kisiwa kizima hakikuwa na watu hao. Ombasha alishuka ngazi amevaa shati jeupe, bila lile koti.

"Karibu mgeni. Umekula?"

"Nimefunga, jumbe. Mwenye dawa hali kwa watu mpaka dawa ipokelewe."

"Basi hawa kamba wa mke wangu watakutesa bure."

Mgeni akatabasamu. Kisha akasema habari yake, taratibu, bila kelele, na nitasema kweli: sijapata kumsikia mtu akizungumza vizuri kama yule, si msikitini, si kwenye mikutano ya siku hizi yenye vipaza sauti. Alisema tumekuwa watu wa kuinama. Alisema mtoto anamwona baba yake amelazwa chini mbele ya mama yake, na mtoto huyo atakua awe nini? Alisema Wandengereko na Wamatumbi na watu wa mbali tusiowajua watakuwa kitu kimoja kwa maji haya. Wanawake walilia. Mshamu alisimama akapiga kelele, "Tupe, mzee! Tunyunyizie!" nasi wote tukasimama naye, tukapiga miguu chini mpaka tope likaturukia.

Ombasha alingoja tope litulie.

"Mgeni wetu," akasema, "nisikilize bila kukasirika. Nyie kwenu milimani maji ni maji. Sie hapa tuna maji ya mto na maji ya bahari, yanakuja kwa mkondo mmoja, na kwa macho ni yaleyale. Mtu akiyafungulia bila kuonja ameua mpunga wa jirani zake wote. Mtoto wetu anajua kuonja kabla hajajua kutembea. Hata Mdachi tulimwonjesha." Watu wakacheka, wengine bado wana machozi. "Sasa haya yako ni maji, na yanaingia kwetu. Na sie tutayaonja. Si dharau. Kila maji hapa huingia hivyo."

"Ni haki," akasema Mtu wa Dawa, akafungua kibuyu. "Onja."

"Si kwa ulimi. Dawa hii haikuletwa kwa ajili ya ulimi, imeletwa kwa ajili ya risasi. Na risasi," akaanza kuvua shati, "mie ninayo."

Hapo hata mbu walitua. Ombasha alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, bega la kushoto wazi. Lilikuwa na uvimbe juu, karibu na shingo, mdogo, umechongoka. Tuliusikia maisha yetu yote, lakini kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kuuona. Siku ile, tukasema moyoni, risasi iko nyumbani.

Mtu wa Dawa aliutazama kwa muda mrefu. Nimemfikiria sana mtu yule katika miaka hii. Angeweza kukataa. Angeweza kutoa masharti, kwamba jumbe amekula hiki au amelala na mke. Hakufanya hivyo, na ndiyo sababu najua kwamba aliyaamini maji yake. Alisogea, akasoma maneno yake, akamimina. Maji yalitelemka kifuani kwa Ombasha mpaka kwenye kitovu.

"Sasa nipeni mtu wa kugusa," akasema Ombasha, "na awe yule anayetaka kwenda vitani kuliko wote. Asiwe mzee. Asiwe ndugu yangu."

"Mtupa!" wakapiga kelele. "Mtupa aguse!" Maana nilikuwa nimejigamba kisiwa kizima kwamba nitarudi na kofia ya Mdachi kichwani, na nyingine nimpelekee mama mkwe wangu, kuku wake watagie humo. Nikasukumwa mbele. Nilipompita Mshamu alinishika mkono akasema chini kwa chini, "Shemeji, bonyeza barabara. Usinifiche kitu. Kama imegeuka tunaondoka leo hii."

Nikaweka kidole. Ngozi ilikuwa imelowa na ya moto. Nataka mnielewe: nilitaka ilainike. Nilitaka kwa moyo wangu wote kidole changu kizame kama kwenye embe bivu, nipige ukelele, tukimbilie mitumbwini. Nikabonyeza. Ilikuwa ngumu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikazungusha, nikaiminya pande zote mbili, na kila nilipoiminya ndivyo ilivyonijibu kwa ugumu. Ombasha hakutoa sauti, lakini machozi yalimtoka, yakachanganyika na ile dawa. Nikaondoa mkono.

"Ipo," nikasema.

"Hatusikii!"

"Ipo! Haijageuka!"

Mtu wa Dawa alisema haraka, "Dawa ni ya risasi zinazokuja, jumbe, si ya zile zilizokwisha kuingia."

"Ndugu yangu," Ombasha akamjibu, na alimwita ndugu kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha, "hii imelala. Haina baruti nyuma yake, haina mtu anayeituma. Ikiwa hii imewashinda, ile inayoruka mtaiwezaje?"

"Mwongo!" Mshamu alipiga kelele. "Umekula mshahara wao!" Akamwendea Ombasha, watu wakamzuia, akawaponyoka, na badala ya kumfikia Ombasha alisimama mbele yangu. "Mtupa. Kweli?"

"Kweli, shemeji. Naapa kwa dada yako."

Alikaa chini palepale kwenye tope, akaziba uso. Hakuna mtu aliyecheka. Vijana mmoja mmoja wakaanza kuondoka, wakiburuta mikuki kama watoto wanaoburuta fimbo. Mtu wa Dawa alifunga kibuyu chake kifuani, na alipofika kwenye mtumbwi Bi Nafasi alimfuata mbio na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba. "Chukua, kaka. Hatukupokea dawa, lakini njaa haina kosa." Aliupokea kwa mikono miwili. Sikusikia tena habari zake.

Vijana wa ng'ambo ya mkondo walikwenda. Tuliwaona wakipita, wamevaa mabua ya mtama vichwani, wakituimbia nyimbo za matusi, na hakuna tusi walilotusahaulia. Mshamu aliwatazama mpaka wakapotea kwenye mikoko. Wengi wao hawakurudi. Halafu upande wa kusini ukaanza moshi, mchana baada ya mchana, moshi wa chakula kinachoungua. Aliyewahi kuunusa anaujua. Askari wakafika kwetu. Mkuu wao, shaushi mmoja mwenye makovu usoni, alisimama chini ya dungu akauliza, "Maji yalifika hapa?" Ombasha, safari hii amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa, amesimama kama mlingoti, akajibu, "Yalifika, bwana shaushi." Shaushi akauliza tena, "Mkafanya nini?" "Tukayaonja. Hayakutufaa. Mwenyewe akaondoka nayo." Shaushi alimtazama yule mzee na lile koti, akatazama maghala, akatazama sisi. Walichukua mpunga na kuku, wakamchukua na mbuzi wa Mzee Ngwele ambaye tangu hapo alisifiwa mpaka ukadhani alikuwa ng'ombe. Lakini hawakuchoma.

Kisha njaa ikashuka kutoka milimani kwa miguu. Watu walikuja mpaka kwenye ukingo wa mkondo wakakaa, hawaombi, wanatazama tu. Mshamu ndiye aliyewavusha. Kila siku, kwa mtumbwi wake, watoto kwanza. Hakuongea, hakutania, alivusha. Bi Nafasi alipika kwenye sufuria ambayo naapa ungeweza kuogelea ndani yake, na hata ukoko ulikwanguliwa ukagawiwa kwa vipimo. Nilimwona mwanamke mmoja akimtafunia mtoto wali kisha akausahau mdomoni, amelala ameketi. Mpunga wetu ulikwisha kabla ya mvua, tukala mizizi pamoja na wageni wale, lakini tulifika nao kwenye mavuno. Ombasha hakufika mbali baada ya hapo. Homa tu ya kawaida. Alizikwa mvua ikinyesha, na Mshamu, ambaye hakumsemesha tangu siku ya dawa, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea.

Siku hizi, tangu tupate Uhuru, wasemaji hupita hapa Kibiti wakiwasifu wapiganaji wa Maji Maji, na wanastahili. Walikuwa majasiri kuliko mie. Naliandika hilo kwa mwandiko mkubwa. Lakini wajukuu huniuliza, "Babu, na nyie mlikuwa wapi?" Hapo ndipo huwasimulia habari ya risasi. Kila mwaka imenona. Ilifika mahali ile risasi ikanipiga teke kwenye kidole, na kidole kikavimba kama muhogo.

Kwenye hitima ya Mshamu niliisimulia tena. Tulikuwa tumemaliza kusoma, pilau imekuja, vijana wamenizunguka, nami nikapanda ngazi ya dungu la Ombasha mpaka mawinguni, nikabonyeza risasi, ikanguruma. Nyuma ya ukuta wa makuti, upande wa wanawake, mtu akacheka. Kicheko kikavu, cha kikongwe. Nilikijua. Nikanawa mikono, nikazunguka.

Bi Nafasi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mdogo kama kifurushi, hana jino hata moja, macho yaleyale.

"Mtupa we. Hujaacha?"

"Niache vipi, Bi Nafasi? Kidole changu hiki ndicho kilichowabakiza nyumbani vijana wa kisiwa kizima. Mshamu amekufa mzee kitandani kwake kwa kidole hiki."

"Kwa kidole chako, sawa." Alinishika kile kidole, akakitazama kama mtu anayenunua samaki. "Lakini hukugusa risasi."

"Niligusa! Mbele ya watu elfu tatu!"

"Uligusa mfupa. Ombasha aliangukiwa na boriti huko mikokoni, ujanani, hata uaskari hajauwaza. Mfupa wa bega ukavunjika, ukaunga kombo. Mie ndiye niliyekuwa nikimkanda kila baridi, mie nisijue? Huko bara kote alikopigana hakuna risasi iliyompata."

Nilikaa chini.

"Lakini alimkabili yule mtu," nikasema. "Alimwagiwa ile dawa mbele ya wote. Alijuaje kwamba haitafanya kazi?"

"Hakujua," akasema Bi Nafasi. "Aliniambia usiku uliotangulia, anatetemeka. Angekuwa na risasi kweli, Mtupa, asingethubutu."